Mlango Usio na Kasoro

4 Machi

Kwako mwanangu Msasa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ukiacha mgongo, na mgongo siku hizi ni mpangaji wa kudumu, simhesabu tena kuwa ugonjwa. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu unajua masikio yangu yaliliwa na msumeno wa umeme. Juzi ulinipigia simu kuniambia huko mvua inanyesha, mimi nikakupa pole ya msiba.

Barua hii ataileta dereva wa lori la mbao, huyu tunayemwita Breki kwa kuwa lori lake halina. Ndiye aliyenitia wasiwasi. Anasema Ijumaa alipita hapo dukani kwenu kukusalimia, akakukuta umevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Ulipoinama kuchukua kitu kwenye droo ya chini miwani ikateleza, na jicho la kulia lilikuwa na rangi ya bilinganya.

Sasa, Breki namjua, ni mtu wa kutia chumvi. Mwaka jana aliniambia amebeba ubao wa mita ishirini. Lakini bilinganya ni kitu ambacho mtu habuni tu njiani. Jicho lina nini, mwanangu?

Baba yako,
Fundi


7 Machi

Baba, shikamoo.

Mwambie Breki aangalie barabara, aache macho ya watu. Ni mlango tu. Nilikuwa natoka chumbani haraka nisichelewe kazini, mlango ukanigonga. Limeshaanza kupoa.

Tena jicho lenyewe limeniletea bahati. Unajua kazi yetu hapa ni kuuza miwani, na bosi wangu mama mwenye duka alikuwa analalamika kwamba ya jua hainunuliki. Tangu nianze kuivaa humu ndani wateja wanadhani ndio mtindo mpya. Nimeuza sita. Dada mmoja aliniuliza kama inafaa kuvaliwa hata chumbani, nikamwambia inafaa sana, akanunua na ya mumewe.

Mume wangu anakusalimu. Kule ghalani wameongezewa kazi, na mtaani amechaguliwa kuwa katibu wa Kamati ya Amani. Basi tangu siku hiyo anatembea na faili kwapani, nadhani hata bafuni anaingia nalo.

Usihangaike na habari za jicho, baba. Pole na mgongo.

Mwanao,
Msasa


11 Machi

Kwako Msasa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza kwa huruma, ya pili kwa hasira.

Mlango wa chumbani kwako nimeutengeneza mimi. Ilikuwa zawadi ya harusi yako na ulinichukua wiki tatu, na katika wiki hizo nilikataa kazi za watu wazito. Kingo zake nilizisugua mpaka nikapitisha shavu langu juu yake kuona kama zinakwaruza, mpaka fundi wa karakana ya jirani akaniuliza ninambusu nani. Kitasa kiko sentimita mia moja kutoka sakafuni. Jicho lako liko mia moja arobaini na nane, najua kwa sababu nilikuwa nakupima kila mwaka kwenye fremu ya jikoni. Ulikuwa unatoka chumbani kwa magoti?

Halafu kuna jambo umelisahau. Mlango ule unafunguka kwa nje, kuelekea ukumbini. Mtu anayetoka anausukuma. Mlango unaousukuma unakukimbia, hauna njia ya kukurudia usoni, labda uwe na chuki na wewe, na chuki mimi sikuiweka.

Sisemi unadanganya. Nasema tu kuwa kazi yangu inasingiziwa. Nimempa Breki bawaba mbili mpya na chupa ndogo ya mafuta, endapo kuna kitu kimelegea. Nieleze vizuri, fundi kwa mtoto wa fundi: ulikugonga kwa sehemu gani?

Baba yako,
Fundi


14 Machi

Baba, shikamoo.

Nimekosea. Haukuwa mlango, lilikuwa kabati la vyombo. Niliinama kuchukua sufuria, nilipoinuka nikakutana na kona. Umeridhika? Mlango wako ni malaika.

Sasa nina ombi, na tafadhali usinijibu kwa sentimita. Muuguzi wa zahanati ni mtu wa maneno mengi. Ameandika kwenye daftari langu la matibabu: "Mgonjwa anasema mlango. Mara ya tatu." Mbele yake ameweka alama ya kuuliza kubwa kama ndoano ya bucha. Majirani nao midomo haiwatulii. Mume wangu amekasirika sana, anasema namchafulia jina kwenye Kamati, na akikasirika nyumba nzima inakuwa nzito.

Naomba uandike karatasi moja tu na kuweka sahihi, kwamba mlango una kasoro. Wewe ni fundi, wanakuheshimu. Ukisema wewe watanyamaza, na mimi nitapumua. Ni mbao tu, baba. Mbao haina aibu. Nifanyie hivyo.

Mwanao,
Msasa


16 Machi

Kwa Baba Mkwe,
Karakana ya Useremala.

YAH: KASORO ZA MLANGO NA SAMANI NYINGINE

Shikamoo. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Napenda kukutaarifu kwamba mke wangu, ambaye pia ni binti yako, amegongwa na mlango wako kwenye jicho la kushoto wakati akiingia chumbani. Hili si tukio la kwanza. Mwezi wa Desemba stuli yako ilimtegua kidole, na mwezi wa Januari meza yako ya kulia chakula ilimwachia alama shingoni.

Kama mtunza ghala nina uzoefu wa kupokea bidhaa mbovu, na kwa kawaida huwa tunazirudisha. Kwa heshima ya ukwe sikutaka kufika huko. Hata hivyo, nikiwa Katibu wa Kamati ya Amani siwezi kuvumilia maneno yanayozagaa mtaani kwa sababu ya uzembe wa randa. Nakuomba uandike na kusaini barua ya kukiri kasoro hizo, niisome mbele ya Kamati katika kikao kijacho.

Ni mimi mkweo,
Mtunza Ghala

Nakala: Faili


18 Machi

Kwako mwanangu,

Mumeo ameniandikia. Ana mwandiko mzuri.

Wewe ulisema ulikuwa unatoka, yeye anasema ulikuwa unaingia. Breki aliona jicho la kulia, yeye anasema la kushoto. Wewe umeniambia kabati, kisha ukaomba nikiri kosa la mlango. Na ndani ya barua yako umeniachia maneno "mara ya tatu" na ukapita kana kwamba hujasema kitu. Lakini kilichonimaliza ni meza. Anasema meza yangu ilikuachia alama shingoni. Msasa, meza ile nimeitengeneza mwenyewe. Ina miguu minne. Haina hata mkono mmoja.

Nataka nikuambie jambo la aibu. Nilipoisoma barua ya mumeo nilifurahi. Nilipiga makofi peke yangu humu karakana, kwa sababu mlango wangu ulikuwa umeshinda kesi. Nikaiita stuli, nikaliita kabati, vyote vikashinda. Kisha nikakaa kwenye benchi, ndipo nikaelewa nimeshinda nini. Samani zote zikiwa hazina hatia, humo ndani anabaki mtu mmoja. Sikuweza kushika randa tena siku ile.

Nisamehe, mama. Wewe ulikuwa unaumia, mimi nikawa napima vitasa.

Mimi simtaji. Nataka umtaje wewe, kwa mkono wako, siku utakayoweza. Ikiwa siyo wiki hii, nitauliza wiki ijayo, na inayofuata. Na ukitaka kutoka, niambie tu. Lori lipo.

Baba yako


21 Machi

Baba,

Ni mume wangu. Ananipiga. Alianza miezi mitatu baada ya harusi.

Nimeandika mstari huo, kisha nikatoka nikauza miwani mbili, nikarudi kuangalia kama bado upo.

Mara ya kwanza muuguzi aliponiuliza, nilisema mlango kwa sababu ndio niliokuwa nautazama. Ungekuwa dirisha ningesema dirisha. Baada ya hapo ikawa rahisi, kila mtu alikuwa akiitikia "pole" na mambo yanaisha. Sikukuambia kwa sababu siku ya harusi ulicheza mpaka mkanda ukakatika, na sikutaka uukumbuke mkanda ule kwa uchungu. Niliona nikinyamaza nakutunza wewe. Kumbe namtunza yeye.

Nilijua utanipa pole kama wengine. Badala yake ukautetea ule mlango kama mtoto wako wa kwanza. Ile ya kutembea kwa magoti niliisoma chooni dukani nikacheka mpaka bosi akaja kugonga. Halafu nikalia, na yeye akasimama nje ya mlango akisema tu, "Nipo hapa, mwanangu, chukua muda wako." Sasa anajua naye.

Nataka kutoka. Lakini naogopa akijua kabla sijafika mbali. Usimjibu kwa hasira, na usije na nyundo, nakujua. Kwako ndiko atakakonitafuta kwanza, kwa hiyo niende kwa shangazi, dada yako. Nyumba yake haijui.

Mwanao


22 Machi

Kwa Mtunza Ghala,
Katibu wa Kamati ya Amani.

YAH: KUKIRI KASORO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi fundi wa miaka arobaini kazini nakiri kwa maandishi kwamba mlango, kabati, stuli na meza nilizotengeneza kwa ajili ya nyumba yako ni vibovu, vya hatari, na vimejaa uzembe wa randa. (Mwandiko ukiyumba hapa ni uzee.)

Kwa kuwa haifai Katibu wa Amani kuishi na samani za fujo, nimeamua kuviondoa vyote. Lori litafika Jumanne tarehe 26, asubuhi, wakati wewe ukiwa kazini, usije ukasumbuka. Ni vyema mkeo abaki nyumbani awaonyeshe wabebaji kila kitu chenye kasoro, asisahau hata kimoja.

Barua hii una ruhusa ya kuisoma mbele ya Kamati, polepole.

Ni mimi,
Fundi


28 Machi

Baba, shikamoo.

Nimefika kwa shangazi. Nimelala siku nzima, nikaamka, nikala, nikalala tena.

Breki alifika na wabebaji wawili saa tatu. Walikuwa wameshaung'oa mlango na kuupakia, sanduku langu wamelificha nyuma ya stuli, mara nikamwona mume wangu anakuja. Alikuwa amesahau faili. Baba, nilidhani yamekwisha. Lakini alikuwa na furaha, barua yako iko mfukoni mwake tangu Jumapili. Alivua koti akawasaidia kubeba kabati! Alishika upande mzito. Ndipo akaliona sanduku, akauliza mbona na hilo linaondoka. Breki akamjibu bila kugeuka, "Nalo lina kasoro, bwana mkubwa. Bawaba." Akatikisa kichwa, akafungua faili, akaandika. Mimi nikapanda mbele "kwenda kuhakikisha vinashushwa", na nadhani aliliandika hilo pia.

Jana shangazi amenipeleka polisi, kwenye dawati la mambo ya nyumbani. Askari alikuwa mwanamke, ana kalamu inayovuja. Akaniuliza, "Nani alikuumiza?" Nikafungua mdomo nikasema, "M..." Nikakwama hapo. Mlango na mume vinaanza na herufi moja, baba, na kwa mazoea ulimi ulikuwa unaelekea kule kwa zamani. Askari hakunisaidia wala hakunikimbiza. Aliifuta kalamu, akasubiri. Nikasema, "Mume wangu." Nikasema tena bila kuulizwa, kwa sauti, mpaka mzee mmoja aliyekuwa akisubiri kwenye benchi akasogea mbali kidogo.

Daftari la zahanati limechukuliwa, alama ya kuuliza na yote. Mume wangu ameitwa, naye amekuja na barua yako kujitetea. Kwa hiyo utaitwa, baba, useme mbele ya watu kwamba uliandika uongo.

Mwanao,
Msasa


2 Aprili

Mdogo wangu Fundi,

Marahaba, ingawa kwenye barua yako umesahau kuniamkia. Msasa hajambo. Leo ametoka kwenda sokoni bila miwani. Mimi ndiye nisiye na raha, maana Breki ameshusha samani zako zote sebuleni kwangu, na nikitaka kwenda chooni lazima nipite juu ya meza.

Nimesikia ulivyotoa maelezo polisi. Wanasema ulimpimia askari mlango hewani kwa futi kamba mpaka karatasi zikamwishia. Nimepokea na kurasa zako tatu za kujisifu jinsi ulivyogundua ukweli kwa akili ya kifundi. Umefanya vizuri, sikunyimi. Mtoto ametoka salama. Lakini nilipozimaliza kurasa zile nilikaa kitako.

Unaikumbuka meza ya cherehani yangu, enzi za marehemu shemeji yako? Ulikuja kuitengeneza mara tatu. Mara ya tatu mkono wangu ulikuwa na bandeji, nikakuambia meza imeniangukia. Ukaipindua, ukatikisa miguu yake mmoja mmoja, ukasema, "Mbona ni imara, dada?" Mimi nilikuwa nimesimama na birika. Nikasubiri swali linalofuata. Nilikuwa na jibu tayari mdomoni, lote. Wewe ukapiga misumari miwili kwenye meza isiyo na ubovu, ukanywa chai, ukasifu chai, ukaenda zako.

Miaka thelathini na moja. Mambo ya watu wengine wote nimeyazungumza, unanijua sina breki kuliko huyo dereva wenu, lakini hilo sijamwambia mtu. Juzi nimemwambia Msasa. Ndiye wa kwanza. Wewe ni wa pili, kwa hiyo usijivune.

Dada yako


5 Aprili

Dada yangu, shikamoo.

Nimeianza barua hii mara tano. Ya kwanza nilieleza kwamba mguu mmoja wa meza ile ulikuwa umelegea kidogo. Nikaichana. Haukuwa umelegea, na nilijua siku ile ile. Shemeji ndiye aliyeninunulia randa yangu ya kwanza, alikuwa akiniita fundi wakati watu wote wananiita mtoto. Nikaogopa kuuliza kwa sababu nililijua jibu. Misumari miwili ile niliipiga ili nipate kelele.

Sina cha kujitetea, dada. Nimelia humu karakana, na kwa bahati mashine ilikuwa inawaka.

Nimechelewa, lakini nakuuliza sasa. Nani alikuwa anakuumiza? Alianza lini? Siku ile ya birika ulitaka kuniambia nini? Andika lote, hata lile la kunilaumu, hata ukijaza daftari. Breki anapita kwako Ijumaa. Nimemwambia asiondoke bila barua yako, na akikuta hujamaliza, akae asubiri.

Mdogo wako